Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Elimu ya Watu Wazima na Jinsi Jamii Inavyoitazama

Maswali haya huletwa na walimu wa madarasa ya watu wazima, wanafunzi wenyewe, jamaa zao, waajiri, na wale wanaotaka kufanya uchunguzi wa maoni. Hayana uzito sawa, kwa hiyo na majibu yanatofautiana urefu.

Je, ni kweli kwamba watu wazima hawataki kusoma?

Si kweli, na ningefurahi dai hili likiachwa kabisa, maana limewaumiza wengi. Watu wakiulizwa, wengi mno hujibu kwamba kujifunza ukubwani ni jambo jema. Uchunguzi wa maoni uliochapishwa mwaka 2003 katika nchi za Umoja wa Ulaya ulikuta takriban watu tisa kati ya kumi wakiliona jambo hilo kuwa na umuhimu. Mwaka 2021 viongozi wa umoja huohuo waliweka lengo kwamba ifikapo 2030, asilimia 60 ya watu wazima wawe wanashiriki mafunzo ya aina fulani kila mwaka. Wakati lengo hilo linawekwa, washiriki walikuwa hawajafika nusu.

Kwa hiyo tuna watu wanaokubali kwa wingi kwamba kusoma kuna thamani, na idadi ndogo zaidi inayosoma. Pengo hilo limetafsiriwa vibaya kwa muda mrefu. Likionekana, mtu husema: "Wavivu hao, wanasema tu." Mimi naona pengo hilo linatueleza zaidi kuhusu milango ya madarasa kuliko kuhusu mioyo ya watu.

Basi kwa nini anayesifu elimu haonekani darasani?

Tuanze na jambo dogo. Kusifu elimu hakugharimu kitu. Mtu akijiwa na mgeni mwenye karatasi ya maswali akaulizwa kama kujifunza ni muhimu, atajibu ndiyo, kama ambavyo angejibu ndiyo akiulizwa kuhusu usafi au kuwaheshimu wazee. Jibu hilo si uongo. Ila ni jibu la adabu, na halisemi lolote kuhusu jioni yake ya Jumanne.

Jambo kubwa ni vizuizi. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, K. Patricia Cross, alivigawa katika makundi matatu, na mgawanyo wake ungali unatumika. Kundi la kwanza ni vile vinavyotokana na maisha: kazi, watoto, mgonjwa nyumbani, nauli, uchovu. La pili ni vile vinavyowekwa na taasisi yenyewe: darasa linaloanza saa ambayo watu wako kazini, fomu ndefu, sharti la kuleta cheti ambacho mtu hakuwahi kukipata, ofisi ya usajili iliyo mbali. La tatu ni vile vilivyo ndani ya mtu: kuamini kwamba umri umepita, kuogopa kuchekwa, kukumbuka fimbo na matusi ya shule ya utotoni.

Wanaopanga elimu hulipenda sana kundi la tatu, kwa sababu tatizo likiwa ndani ya mtu, wao hawana la kurekebisha ila kumhamasisha. Ndipo unapoona mabango na kaulimbiu, huku ratiba ya darasa ikibaki ileile. Nimeshuhudia makundi mawili ya kwanza yakilizaa la tatu. Mama anayejiandikisha, akakosa vipindi kwa sababu mtoto anaumwa, kisha akakuta darasa limesonga bila yeye, hatasema ratiba ilimshinda. Atasema, "Mimi kichwa changu kizito." Baada ya miaka miwili mtafiti atamkuta na kuandika kwamba hana ari.

Hivyo basi, ukisikia mtu mzima anasema masomo si yake, usiishie hapo. Muulize mara ya mwisho alipojaribu ilikuwaje.

Elimu ya watu wazima na elimu ya maisha yote ni kitu kimoja?

Zinaingiliana, lakini si kitu kimoja. Elimu ya maisha yote inaanza mtoto anapozaliwa na inajumuisha kila njia ya kujifunza: shuleni, kazini, kwa fundi, kwa jirani. Wazo hili lilipata nguvu duniani mwaka 1972, tume ya UNESCO iliyoongozwa na Edgar Faure ilipotoa ripoti yake. Elimu ya watu wazima ni sehemu yake inayowahusu wale ambao jamii yao imeshawahesabu kuwa watu wazima. Ndivyo inavyoelezwa katika pendekezo ambalo UNESCO ililipitisha Nairobi mwaka 1976, na kwa maoni yangu maelezo hayo bado yana busara, kwa sababu yanaiachia jamii yenyewe iamue nani ni mtu mzima, bila kutaja idadi ya miaka.

Si tunaambiwa samaki mkunje angali mbichi?

Tunaambiwa. Tunaambiwa pia kwamba elimu haina mwisho, na mara nyingi anayesema yote mawili ni mtu yuleyule: la kwanza akimwambia mzazi kuhusu mtoto, la pili akihutubia mahafali. Methali ya samaki inahusu malezi na tabia. Kuitumia kumfungia mtu wa miaka 50 mlango wa darasa ni kuipotosha.

Na ushahidi hauiungi mkono matumizi hayo. Mwaka 1928 mwanasaikolojia Edward Thorndike wa Marekani alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uwezo wa kujifunza haukatiki ujana unapoisha, bali hupungua polepole mno. Waliomfuata, akiwemo Irving Lorge, waliona kwamba sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa upungufu wa akili ni upungufu wa kasi. Mtu mzima akipewa muda wa kutosha, hufanya vizuri. Baadaye Raymond Cattell alitenganisha aina mbili za akili: ile ya kufumbua jambo jipya haraka, ambayo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na ile inayojengwa na maarifa na uzoefu, ambayo inaweza kuendelea kukua hadi uzeeni.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa madereva wa teksi wa London. Ili wapate leseni hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000, na kazi hiyo huchukua miaka. Watafiti chini ya Eleanor Maguire walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Wapo waliouliza kama labda watu wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaopenda kuwa madereva. Watafiti wakawafuatilia wanafunzi wa udereva tangu mwanzo, na mwaka 2011 wakatoa jibu: waliofuzu ndio ambao ubongo wao ulibadilika wakati wa mafunzo. Hao walikuwa watu wazima, wenye familia na madeni, na ubongo wao ulikuwa bado unajijenga.

Mwalimu anayelijua hili hufundisha tofauti. Hamkimbizi mwanafunzi wala hamwoni mzito anapoomba jambo lirudiwe.

Fedha ni chache. Kwa nini zisiende kwa watoto kwanza?

Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza mara nyingi ni wazazi wenye uchungu na shule za watoto wao. Silipuuzi.

Lakini angalia jinsi lilivyokwisha kujibiwa kwa vitendo. Ripoti ya dunia ya UNESCO kuhusu elimu ya watu wazima ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu nchi moja kati ya tano zilizotoa taarifa ilitumia chini ya nusu ya asilimia moja ya bajeti yake ya elimu kwa watu wazima. Kwa hiyo anayesema watoto watangulie anasema jambo ambalo tayari linafanyika. Mizani haiwezi kusemwa kwamba imewaelemea watu wazima.

Isitoshe, mtoto haishi peke yake. Anarudi nyumbani kwa mtu ambaye ama anaweza kusoma barua ya mwalimu ama hawezi, ama anaelewa maelekezo ya dawa ama anakisia. Watu wazima na vijana wasiojua kusoma na kuandika duniani ni zaidi ya milioni 700, na karibu theluthi mbili yao ni wanawake, yaani mama, shangazi na bibi wa watoto haohao tunaotaka kuwatanguliza. Ukimfundisha mama, mtoto hajanyang'anywa chochote. Ameongezewa mwalimu wa pili, tena wa bure.

Pale ambapo bajeti ni ndogo kweli, ningeanza na madarasa ambayo wazazi na watoto wanasoma mahali pamoja, kwa sababu yanamaliza ubishi huu bila mtu kulazimika kushinda.

Kwa nini kusoma ukubwani kunaletea watu aibu?

Kwa sababu darasa limefungamanishwa na utoto. Dawati, daftari, kengele, kuinua mkono: vyote hivi mtu mzima alishaviacha, na akivirudia anahisi ameshushwa cheo. Aibu huzidi kwa mwenye hadhi. Mzee wa familia anayeombwa ushauri kila siku ana mengi ya kupoteza akionekana hajui herufi, na mfanyakazi wa miaka mingi aliyekuwa akikwepa kuandika ripoti anaogopa siri yake isifichuke. Kuna watu wameificha kwa miongo mizima. Husema wamesahau miwani.

Aibu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Kinachosaidia ni mambo ya kawaida: darasa lisiwe mahali ambapo kila mpita njia anaona nani anaingia, mwalimu amwite mwanafunzi kwa heshima ile ambayo angemwita nje ya darasa, mtu asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kabla hajawa tayari, na vitabu visiwe vya watoto wadogo. Mtu wa miaka 60 hapaswi kujifunza kusoma kwa picha za wanasesere.

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. Mwaka 2004 Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na rekodi ya dunia ikaandikwa kwa jina lake. Alistahili kila heshima aliyopewa, na najua watu waliopata nguvu kwa kumsikia. Tatizo ni kwamba mtu mzima anayesoma hutangazwa karibu kila mara kama ajabu. Anayekusudia kujiandikisha haoni mtu wa kawaida aliyefanya hivyo Jumatatu na kurudi kazini Jumanne. Anaona shujaa, na yeye hajioni kuwa shujaa. Tunahitaji habari nyingi za watu wasio wa ajabu.

Wanaume na wanawake wanaitazama elimu hii sawasawa?

Katika madarasa ya kusoma na kuandika, nchi nyingi huwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Sababu moja ni kwamba wao ndio wengi walionyimwa shule. Sababu nyingine ni kwamba wanaume huona aibu zaidi kukaa darasani, hasa wakichanganywa na wake zao au majirani. Mafunzo yanayolipiwa na mwajiri ni habari nyingine, kwa kuwa yanafuata ajira, na ajira rasmi mahali pengi bado ina wanaume wengi zaidi. Wanawake wanaokatazwa na waume zao wapo. Lakini wapo wengi zaidi ambao hakuna aliyewakataza, ila pia hakuna aliyekubali kushika kazi za nyumbani saa ile ya darasa.

Waajiri wana mtazamo gani?

Wanagawanyika. Wapo wanaoona mafunzo kuwa sehemu ya kazi. Wapo wanaoogopa kwamba ukimfundisha mtu atahama na ujuzi wake. Hofu hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, mfanyakazi asiyefundishwa naye huhama, na asipohama hubaki na ujuzi wa zamani.

Kinachonisikitisha zaidi ni nani anayechaguliwa. Tafiti za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalounganisha hasa nchi tajiri, kuhusu stadi za watu wazima, ambazo duru yake ya pili ilitolewa mwaka 2024, zinarudia jambo moja: wenye elimu kubwa ndio wanaopata mafunzo zaidi, na walioishia mapema shuleni ndio wanaopata machache. Meneja hupelekwa semina ya tatu ndani ya mwaka, ilhali mfagiaji hajawahi kuulizwa angependa kujifunza nini. Kisha tunasema wenye elimu ndogo hawaithamini elimu!

Sheria inaweza kusaidia. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1974 mkataba namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Ufaransa ilikuwa na sheria ya mafunzo endelevu tangu 1971, na tangu 1975 mfanyakazi wa Uswidi ana haki ya kupewa ruhusa ya kwenda kusoma, hata kama somo alilochagua halihusiani na kazi yake. Kipengele hicho cha mwisho nakiona cha maana sana, kwa sababu kinakubali kwamba mfanyakazi ni mtu kabla hajawa mfanyakazi.

Kusoma bila lengo la kazi si anasa?

Nasema si anasa. Mwaka 1844 shule ya kwanza ya umma ya watu wazima ya aina yake ilifunguliwa Rødding, Denmark, kutokana na mawazo ya N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mwandishi wa nchi hiyo. Vijana wa mashambani walijifunza historia, lugha, nyimbo na mambo ya nchi yao, bila mtihani wa mwisho. Aina hiyo ya shule ingali hai nchini humo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Toulouse, Ufaransa, kilianzisha chuo kwa ajili ya wastaafu, na wazo hilo likasambaa nchi nyingi. Wanaosoma humo hawatafuti kupandishwa cheo. Wanatafuta kuelewa na kuwa pamoja na wenzao.

Mtu aliyefanya kazi miaka 40 na sasa anataka kujua nyota zinakwendaje au katiba yake inasema nini hana deni la kumweleza yeyote faida yake.

Je, mtazamo wa jamii unaweza kubadilishwa?

Unaweza, na umewahi kubadilika kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1961 Cuba iliwatuma vijana zaidi ya 100,000 vijijini na milimani kufundisha kusoma, wakikaa katika nyumba za wanafunzi wao na kufanya nao kazi za shamba. Watu wapatao 700,000 walijifunza ndani ya mwaka huo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi kusikiliza, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao.

Kampeni hizo zilikuwa na nguvu ya dola nyuma yake, na si kila kitu kilichofanywa kwa amri kilidumu. Lakini kuna mambo mawili yaliyokuwamo ambayo hayahitaji dola. La kwanza, kusoma kulikuwa jambo la wengi, kwa hiyo hakuna aliyebaki peke yake na aibu yake. La pili, kilichosomwa kilionekana siku hiyohiyo: barua iliyoandikwa, choo kilichochimbwa. Mwalimu wa Brazili, Paulo Freire, alipowafundisha wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos, mwaka 1963, alianza na maneno ya kazi na maisha yao wenyewe, na ndani ya saa 40 hivi wengi walikuwa wanasoma na kuandika sentensi fupi.

Mfano wa polepole zaidi ni Open University ya Uingereza, chuo kikuu ambacho watu husomea nyumbani. Ilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, bila kudai vyeti vya kuingilia, huku baadhi ya wanasiasa na wasomi wakiidharau. Iliendelea kutoa wahitimu mwaka baada ya mwaka, na jamii ikazoea kuwa na jirani aliyesoma shahada usiku.

Simu na intaneti zimebadilisha nini?

Zimewafanya watu wengi wajifunze bila kujiita wanafunzi. Fundi anayetazama video ili aelewe injini mpya anajifunza, lakini ukimuuliza kama anasoma atasema hapana, na takwimu zitamhesabu kuwa asiyeshiriki. Kwa upande mwingine, kozi kubwa za mtandaoni zilizovuma kuanzia 2012 zimeonyesha kwamba wengi wanaojiandikisha hawafiki mwisho. Usiwahesabu wote kuwa wameshindwa. Wapo waliotaka sura mbili tu wakazipata. Ila kwa mtu anayeanza na herufi au hesabu za mwanzo, sijaona simu ikichukua nafasi ya mwalimu na wenzake watatu wa kukaa nao.

Nataka kufanya uchunguzi wa maoni kuhusu jambo hili. Niulize vipi?

Punguza maswali ya "je, unaona elimu ni muhimu". Jibu lake unalijua kabla hujatoka nyumbani. Uliza mambo yaliyotokea: ndani ya mwaka uliopita ni jambo gani jipya umejifunza, ulijifunza kwa nani, ulilipa nini, uliacha wapi na kwa nini. Tumia neno kujifunza pamoja na neno kusoma, maana wengi wakisikia kusoma hufikiria shule pekee na kujiondoa.

Waulize waliokwisha kuacha masomo, kwa sababu wao ndio wanaojua mlango uko wapi na umefungwaje. Wengi hawapatikani kwenye orodha ya chuo, kwa hiyo itabidi uwafuate, na saa nzuri ya kuwapata ni ileile ambayo wangeweza kuwa darasani. Usimpe asiyejua kusoma fomu ya kujaza mbele ya watu. Uliza kwa mdomo, mkiwa wawili.

Na weka swali moja kuhusu mwingine: kama jirani yako wa miaka 55 angeanza darasa kesho, watu wa hapa wangesema nini? Mtu huwa huru zaidi kueleza kejeli anayoiogopa akiisimulia kama ya jirani.

Jamaa yangu anataka kurudi darasani na watu wanamcheka. Nimsaidieje?

Usianze kwa kumpa moyo. Anza na saa. Muulize darasa ni siku gani, kisha chukua kazi moja yake ya siku hiyo iwe yako kwa muda wote wa kozi. Msindikize siku ya kwanza akitaka, na akitaka aende peke yake mwache aende. Akikosa wiki mbili, mpigie mwalimu au mkumbushe kwamba kurudi kunaruhusiwa, kwa sababu wengi huacha kabisa wakidhani nafasi yao imekwisha. Wale wanaocheka usibishane nao mbele yake. Siku akiandika ujumbe wake wa kwanza bila kusaidiwa, mjibu kwa maandishi.